Ile mesaje nilisema ilichelewa

Neema mutoto wangu,

Naandika kwa mukono, kwa sababu ku simu mudomo wangu unakataa kusema.

Unakumbuka ile konje, likizo yako ya masomo, tuko tunachagua maharagi mu lupango, kiwanja yetu ya Nyamianda? Nilikuuliza ku iniversite banafundishaka nini. Ukasema: "Papa, kila seli ya mwili iko sawa atelye, karakana. Inasoma amri, inatengeneza proteini. Virisi ikiingia, inatengeneza proteini za kuita bazamu, balinzi ba mwili. Njo homa inapanda. Lakini mu seli kuko tu-ARN, tu-vipande tudogo sana, tunashika ile amri, tunaizuia: basi, imetosha. Bila hivyo bazamu batapiga mpaka benye nyumba."

Nikacheka. "Kumbe mwili nao iko na komanda?"

"Iko naye, Papa. Na huyu haombake bia kama ba jeshi!"

Kisha ukarudi Bukavu ku egzame, ukaniachia mutoto wako Baraka, wa miezi munane. Homa ikamushika, na kikohozi. Bamama ba jirani bakamufungua kinywa: "Kirimi imerefuka! Mupeleke Kiringye kwa muzee mwenye kukata virimi." Weye unajua desturi yetu. Hata minye balinikata kile kinyama cha mu koo nikiwa kichanga, na niko muzima. Nikakuandikia kama tunaenda, nikapanda naye pikipiki. Ule muzee akakata. Damu ikakataa kusimama. Tulifika hospitali jua likiwa bado kali, na Baraka alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Ku matanga ulinishika shati: "Papa, si nilikuandikia mesaje?"

Nikajibu: "Rezo ya simu haikukuwa. Ilifika tukiwa tumeshakata."

Nilidanganya. Ilifika ningali mu mulango ya nyumba yetu, Baraka mu mukono. "Papa, musimukate kirimi. Homa ni bazamu banafanya kazi. Mupeleke kwa munganga wa hospitali." Niliisoma yote. Nikasema mu roho: huyu mutoto wa juzi anifundishe minye kulea? Nikaifuta ku hospitali, wakati infirmiye, muuguzi, iko anamufunika.

Mu mwili wa Baraka kitu kidogo sana kilikuwa kinaweza kusema basi, na kinasikiwa. Weye ulisema basi, baba yako akaweka simu mu mufuko.

Sasa shangazi yako ananiambia haukulake chakula vizuri, unasema ungalituma mesaje mapema kidogo mutoto angalipona. Mwaka muzima nimekuacha ubebe huo muzigo, minye nikiitwa hapa baba mwenye uchungu.

Sikuombi musamaha. Utue tu huo muzigo. Haukuchelewa, Neema.

Ni minye Papa yako, mwenye aliisoma.