Kwa Nini Shangazi Wambui Hasikii

Mpendwa mjukuu wangu Njeri,

Hapa Riruta hatujambo, ila babu yako bado anakohoa. Habari ya mimba yako imetufurahisha sana. Umeniuliza kama uziwi wa shangazi yako Wambui uko katika damu yetu. Hapana, mama.

Nilipokuwa na mimba yake changa, nilipata homa ndogo na vipele. Viliisha upesi, nikavisahau. Wambui alizaliwa mzuri. Kisha siku moja mvua ya mawe ilipiga mabati hata tukashindwa kusikizana, naye akaendelea kulala. Majirani walisema nimelogwa. Mama mkwe wangu alimbeba mtoto mgongoni tukaenda kwa daktari kule Parklands.

"Ulipata vipele ukiwa mjamzito?" daktari aliniuliza. Nilipokubali, akasema, "Ilikuwa rubela. Mama hupona upesi, lakini virusi vinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibia masikio. Hukufanya kosa lolote."

Nililia. Mama mkwe akanishika mkono. "Basi hakuna aliyetuloga. Twende nyumbani tukamlee."

Jioni hiyo alimwonyesha Wambui kikombe, kisha akagusa mdomo wake mwenyewe, tena na tena, mpaka mtoto akacheka na kumwiga. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza naye.

Ukikaa karibu na mtu mwenye vipele, mwambie daktari mapema. Lakini damu yetu usiiogope. Wambui anamfumia mtoto wako sweta, na kila jioni ananiuliza kwa mikono utakuja lini.

Ni mimi, Cucu wako