Simu Yangu Irudi Kando ya Mkasi

Mshauri mpendwa, basi simu yangu mpaka leo imefungiwa kabatini kwa mwanangu, ufunguo anatembea nao mfukoni, eti mimi mama yake, fundi cherehani niliyemkuza kwa sindano, sina akili ya simu. Anayeandika hapa ni mkewe, mimi nasema tu, na nimemwambia asiruke neno hata kama linamchoma mumewe.

Alinipigia binti mmoja, sauti ya asali, mama huku mama kule, anatoka kampuni ya simu, laini yangu itafungwa, kuna namba imeingia nimsomee. Kusoma sijui, ila namba nazijua, nimezijulia kwenye futi, kiuno cha mtu nakipima hata umeme ukikatika, basi nikajivuna, nikamsomea mojamoja kama napima koti, naye ananisifu, "Mama uko makini!" Kumbe nampa ufunguo wa nyumba. Akaingia kwenye akaunti yangu ya ujumbe, mimi nikatupwa nje, yeye akawa mimi. Akawaandikia watu wangu, "Habari, nitumie picha ya kitambulisho chako haraka." Mdogo wangu akatuma, sasa kuna laini imesajiliwa kwa jina lake inatapeli watu, na aliyenuniwa ni mimi!

Lakini mshauri, "habari" tu, basi? Mimi nikisalimia chai inapoa, nauliza mpaka goti la mama mkwe wako. Na tangu lini nikaandika? Mimi natuma sauti. Wateja nao wananitumia sauti, huyu apunguziwe mkono, yule aongezewe pindo, sasa nguo zimejaa mezani sijui ipi ya nani. Je, nikubali kushikiwa simu kama mtoto, au… Nani? Haya, nakuja! Mteja zipu imemkwama mgongoni, haivuki wala hairudi. Funga bahasha, mkwe wangu, mimi huyo.

JIBU

Mama fundi, shikamoo. Pole, na sasa nakugombeza. Namba ile si ya futi, haisomwi kwa mtu yeyote, hata akikuita mama mara mia. Kampuni ya simu haina haja ya kuisikia kwako. Ukiombwa, kata simu.

Leo hii nenda na simu na kitambulisho ofisi ya kampuni yako ya simu, wakusaidie kurudisha akaunti yako na kuiwekea namba ya siri ya pili. Ichague mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na mkweo asiijue. Mdogo wako naye aende, aulize laini zote zilizosajiliwa kwa jina lake, zisizo zake zifungwe, kisha aripoti polisi. Na nyumbani kwenu, mtu akiombwa kitambulisho kwa ujumbe, ampigie kwanza mwenye namba, azungumze naye. Sauti iliyotumwa isitoshe, siku hizi hata sauti zinaigwa.

Kuhusu mwanao: muulize kama na yeye aliletewa ule ujumbe, na kama alishangaa mama yake amejua kuandika lini. Kama naye hakushangaa, mwambie alete ufunguo wa kabati. Akibisha, mkewe amsomee jibu hili kwa sauti, na hapa pia asiruke neno.