Mama Waithira amesoma email yetu

Rosebella, usitoke huko mtaani Olympic leo.

Nilikuwa Kawangware kuonyesha chama cha landlords system yetu ya email. Nikawaeleza vizuri: kila email inaingia kwa faili yake, na hakuna mtu anaifuta bila ruhusa ya mwenyekiti. Wakapiga makofi.

Mwenyekiti ni Mama Waithira, yule huprint kila email na kuibeba kwa kiondo, kikapu chake cha mkonge. Akasema, "Tafuta jina langu."

Ikatokea moja. Ile nilikutumia tukijaribu system.

"Waithira na kiondo chake ndio virus."

Kwa projector. Rose, kwa ukuta mzima.

Nikabonyeza futa. System ikasema, "Omba ruhusa ya mwenyekiti." Hiyo sentensi niliiandika mimi.

Simu ya Mama Waithira ikalia: ombi langu limefika. Akavaa miwani, akasoma polepole.

"Nimekataa."

Akavua miwani, akaniuliza:

"Inakaa humo miaka mingapi?"

Nikamwambia saba.

"Basi niprintie. Kwa kiondo itakaa zaidi."

Nimemprintia. Unakumbuka system yetu huweka email na jibu lake pamoja. Kwa hivyo jibu lako pia liko kwa kiondo.