Tufe Lisilong'aa

Baba, shikamoo.

Mgongo unasemaje siku hizi? Mama bado anakukataza kubeba mbao, nawe bado unambishia? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba. Baridi ya huku Toronto haina adabu. Natoka nyumbani Weston giza, narudi giza, na bega la kulia linauma hata kuchana nywele ni kazi.

Uliniomba picha ya kazi yangu uibandike ukutani kwenye karakana, pamoja na zile za makabati. Nimechelewa, na sababu ndiyo hii.

Unajua nafanya kazi Etobicoke, kwenye ukumbi ambao watu wanabiringisha matufe mazito kuangusha pini, vigogo vilivyosimamishwa kama chupa. Mbao za sakafu ya pale hupakwa mafuta, na matufe huyanywa. Yakishiba, hayashiki njia. Mimi nayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka yateme mafuta, halafu nayapiga msasa kila upande. Ndiyo, nimevuka bahari nije kupiga msasa. Cheka tu.

Sasa kuna Mama Filomena, Mgoa mzaliwa wa Tanga, karani mstaafu. Pale kazini yeye peke yake ndiye huniita mwanangu, na tukianza Kiswahili chetu nasahau theluji. Mkono wake umeishiwa nguvu. "Mwanangu," aliniambia, "tufe langu halikati kona tena. Wenzangu wananionea huruma, nami huruma siitaki. Lisipopona, naacha." Naye akiacha, mimi nibaki na nani?

Bosi akaniambia nikimaliza msasa niishie hapo hapo. Nikalitazama tufe, limefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikasema moyoni, huyu mzungu mvivu. Mimi mtoto wa fundi! Wewe hukuwahi kuniruhusu nitoe hata kigoda bila vanishi. "Kazi isiyong'aa haijaisha," si ndivyo? Bosi alipokwenda kula, nikalipaka polishi, nikalisugua mpaka nikajiona uso.

Mama Filomena alilipokea akalibusu. Akalirusha karibu na ukingo, kama kawaida yake, akingoja likate kona lirudi katikati. Thubutu! Liliteleza moja kwa moja, likatumbukia kwenye mfereji wa pembeni. Akarudia, mferejini tena. Mwenzake mmoja akampigia makofi ya kumpoza. Akabadili viatu akaondoka bila kuniaga, tufe akaliacha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe ule ukwaruzo ndio unaoshika mbao, na mng'aro ni utelezi mtupu.

Nikalipiga msasa upya kwa bega hili hili bovu, nikiuondoa mng'aro wangu mwenyewe. Iliniuma, sikufichi. Kisha nikangoja. Jumatano, siku ya wazee kucheza, ikapita, hakuja. Ikapita nyingine. Nikawa nakula chakula changu peke yangu, nikasema basi, nimempoteza.

Juzi kaja, koti hata hakuvua. Alitaka tufe lake akamgawie mtu.

"Mama, rusha mara moja tu," nikamwambia, "halafu unitukane unavyotaka."

Akalipapasa. "Mbona linakwaruza?"

"Limemalizika, Mama."

Akalirusha koti likiwa bado mwilini. Lilipofika ukingoni nikafumba macho. Nikasikia pini zinapukutika, na sauti ya mama mtu mzima ikipiga kigelegele Etobicoke nzima. Akaja akanishika shavu. "Jumatano njoo na chapati, mimi naleta samaki." Nililia, Baba, mbele ya bosi.

Mpe Mama pole ya kubishana nawe. Msalimie dada Rehema anayewatunza, na mjomba Salimu wa mashine ya kuranda, mwambie glavu alizoniagiza sijazisahau.

Picha ndiyo hiyo, ya tufe la Mama Filomena. Mafundi wenzako watakuuliza mbona halijang'aa. Ibandike hivyo hivyo, Baba. Waambie limeisha.

Binti yako mchovu,
Mwanaidi