Kibao cha Mseto

Jumatatu, 8 Septemba
Umeme umekatika tena. Pasi ya mkaa imeacha doa kwenye lesi ya gauni la harusi la Rehema. Nimeifua. Kama hayo hayatoshi, mama yake, Bi Mgeni, katoka Ujiji kuja hapa Mwanga, kwenye duka langu la ushonaji, kuona gauni, akaishia kuona kibao changu kipya: MITINDO MSETO. Hata shikamoo yangu hakuitikia.
"Mseto ni wali uliopondwa na choroko. Chakula cha mgonjwa. Mwanangu aolewe kavaa bokoboko?"
Nikamwambia redioni wanasema muziki wa mseto, hata serikali huwa ya mseto. Kasema serikali na isetwe, mwanawe hasetwi.
Nimechoka na watu.

Jumatano, 10 Septemba
Sasa kila mtu bingwa wa lugha. Jirani muuza vitenge anataka niandike Mchanganyiko. Mchanganyiko ni wa zege na chakula cha kuku! Mume wangu kasema Kachumbari. Nimemtuma akalete mkaa.
Gauni lenyewe zuri. Kifua cha kitenge cha Kongo, walikotoka wazee wa mama yake Rehema, mikono ya lesi kama wapendavyo Ujiji, na kitambaa cha kufunga begani, kama wafungavyo Waha, watu wa marehemu baba yake Rehema. Niuiteje mtindo huu?

Ijumaa, 12 Septemba
Shemeji yangu, mwalimu wa shule ya Gungu, kanieleza bila kuulizwa. Neno mseto limetoka kwenye kuseta. Kuponda, mpaka wali na choroko visitengane. Basi Bi Mgeni yuko sahihi. Imeniuma. Mimi sikuponda kitu. Nimeshona kila kipande kionekane.
Alasiri Bi Mgeni kaja kuchukua gauni, alipeleke kwa fundi mwingine alibadilishe. Rehema alikuwa analijaribu.
"Vua."
"Sivui. Mama, wewe Mmanyema, baba Muha. Mseto ni mimi. Mmeniseta wenyewe, wala hamkuniuliza."
Bi Mgeni akachukua mkoba wake. Katoka bila gauni. Harusi kesho. Sijui kama atakuja. Hasira zimenishika, na woga pia.

Jumamosi, 13 Septemba
Kaja. Nilikuwa namfunga Rehema kitambaa, fundo linateleza, bibi harusi anatokwa jasho. Bi Mgeni kanisukuma.
"Nani kakufundisha upuuzi huu?"
Akafunga mwenyewe, upesi, vidole vinajua njia. Kasema mama mkwe wake ndiye aliyemfunga hivyo siku alipopelekwa kwa mumewe Kasulu, na hakuna mwingine katika ukoo ule wa Waha aliyempokea. Rehema alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Wala mimi. Mkono ukabaki begani kwa mwanawe.
Kisha kanigeukia: "Kibao kile ukifute."
"Sifuti, Bi Mgeni."
Mama huyu!

Jumatatu, 15 Septemba
Sikufungua duka leo. Shingo inauma. Mchana Rehema kapiga simu kutoka kwa mumewe. Anasema mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, hakulia, akarudi. Kaomba nipite kumwona mama, yuko peke yake sasa.
Nimekwenda. Tumekaa uani. Kanimiminia chai. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri.