Jiko la Seremala

Jumatatu, 3 Machi

Jiko la pipa limekata roho. Seremala wangu, baba watoto, alikuwa anageuza kuku, kitako kikadondoka, pu! Makaa yote miguuni. Bahati alivaa viatu vya kazini. Pipa lile alilikata mwenyewe mwaka tuliohamia nyumba hii. Kutu imelila, si leo wala jana.

Sasa humu ndani hamkaliki. Kila mtu ana jiko lake kichwani. Binti yetu, kitinda mimba, anataka la peleti: unamimina vidonge vya mbao kwenye kisanduku, unachomeka umeme, unachagua joto kwenye simu, unakwenda zako. Baba yake akauliza vidonge hivyo ni nini hasa. Vumbi la mbao lililoshindiliwa, akaambiwa. Alicheka mpaka akakohoa. Yaani afagie karakana yake, halafu akauziwe uchafu wake dukani!

Yeye anataka la kauri. Lile nene, lina umbo la yai, linashika moto kutwa nzima. Halifunuliwi ovyo. Unakaa pembeni unanusa, pua inakwambia nyama imefika wapi. Ndivyo alivyochoma siku zote, na watu hujilamba vidole.

Mimi nataka kula tu. Kuku wa leo upande mmoja alikuwa mkaa, hata kabla pipa halijadondoka. Nilimwambia. Akanuna.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kapiga simu. Kaka mkubwa wa mume wangu huyu, ana duka la mitungi ya gesi. Kasikia habari za pipa (kitinda mimba, mdomo huo!). Ana jiko la gesi jipya limekaa stoo, anatupa bure, Jumapili analileta mwenyewe. Washa, choma, zima, maneno yamekwisha.

Mume wangu akasema tutaona, kaka. "Tutaona" yake naijua. Kumkatalia kaka yake hajawahi tangu azaliwe.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekwenda dukani, sisi na kitinda mimba. La kauri zuri jamani, linang'aa, lakini zito balaa. Muuzaji kijana mcheshi, anaongea kama redio. Akatupeleka kwenye peleti. Kaunta nzima vikopo, kila kimoja na mti wake, mteja anuse achague.

Nikasema moyoni, leo umekutana na mwenyewe! Mume wangu mbao anaijua kwa pua kabla hajaigusa. Vijana wa karakana walikuwa wakimfunga kitambaa machoni wamjaribu, hakosei. Basi nikasimama nisubiri maringo yake.

Kanusa cha kwanza. Safi, akasema. Cha pili, safi. Hakutaja mti hata mmoja. Cha mwisho kakiinua, kafumba macho, kavuta pumzi kifua kizima. "Aah! Hii ndiyo yenyewe."

Muuzaji akaangua kicheko. Kikopo kilikuwa kitupu!

Mume wangu naye akacheka, akampiga kijana begani, kama vile alikuwa anatania. Kitinda mimba hoi. Mimi sikucheka. Nilimwona alivyochungulia ndani ya kikopo kabla ya kucheka.

Tumerudi mikono mitupu. Njia nzima kaimba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na kikopo kile kichwani. Nikaanza kukumbuka moja moja. Maziwa yaliyoungua naye yumo jikoni. Shati lenye mafuta ya taa alilotaka kuvaa harusini. Kuku. Yote tangu yale mafua mabaya ya mwaka huu yaliyomlaza.

Na mimi! Zamani nikitoka kuoga, nimejipaka mafuta yangu ya waridi, lazima aseme neno. Kaacha. Nilidhani nimemchosha. Nimemnunia bure, namgeuzia mgongo, kumbe mwenzangu hasikii harufu yoyote!

Mchana nilikuwa cherehani, yeye kiti cha pembeni na gazeti. Nikaacha pasi juu ya kitambaa kibovu. Makusudi. Kikaanza kuungua, mimi koo linaniwasha. Yeye kafunua ukurasa wa michezo.

Nikazima pasi, nikaenda kulia jikoni. Nimemtega kama panya. Mume wangu!

Halafu ndipo nikakumbuka. Jumapili. Gesi! Ikivuja mtu hujua kwa nini kama si kwa pua?

Jumamosi, 8 Machi

Nimeharibu.

Asubuhi nikajifanya nimelipenda la peleti. Nikalipigia debe kuliko hata muuzaji. Lina kipimajoto, linajiendesha, na vidonge vinatoa moshi wa mbao halisi. Wewe utakaa zako na watu unapiga soga.

Akaweka kikombe chini. "Nikae kama mgeni uani kwangu? Unaona siwezi tena?"

Sivyo, nikamwambia. Akaniuliza basi ni nini. Ningeweza kusema pale pale. Naye angeweza kusema pale pale. Tumebaki kutazamana kama watu waliobeba kabati, limekwama mlangoni, kila mmoja anangoja mwenzake aseme tushushe.

Nilitaka anieleze yeye mwenyewe. Nikimtangulia, nitakuwa nimemvua nguo. Mtu huyu heshima yake yote iko kwenye mbao na huo moto wake.

"Basi la gesi," akasema. "Kaka analileta, yamekwisha."

Kati ya yote matatu kachagua lile litakalomuua, kwa hasira tu! Nami nikasema haya. Haya! Sijui nilikuwa na akili gani.

Jumapili, 9 Machi

Niko chumbani. Naandika mbio, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Shemeji kaja na jiko, kafunga mtungi, kafunga mpira, kafungua, kisha kakumbuka koleo za nyama ziko kwenye gari, kazifuata. Nilisema mwenyewe nitasimama karibu, sitabanduka. Nikaingia ndani mara moja tu kuchukua sahani. Narudi, mlangoni harufu ikanipiga usoni.

Gesi!

Mume wangu kainama juu ya jiko, kiberiti mkononi, njiti imeshatoka, anataniana na binti yake.

"Acha!"

Sauti ile sijui niliitoa wapi. Sahani zikaniponyoka. Nimemfikia, nimempokonya kiberiti, nimemkwaruza hata mkono.

"Kuna nini?" Macho yamemtoka. Kweli hajui.

Shemeji akaja mbio akafunga mtungi. Mpira hakuukaza, kosa lake, kakiri mwenyewe. Lakini akamgeukia mdogo wake. "Umeinamia hapo hapo! Harufu yote hii huisikii?"

Kitinda mimba akanitazama mimi. Baba yake akatazama mikono yake. Nikasema nakwenda kutafuta ufagio, kuna vigae. Nikakimbilia huku. Mwoga mkubwa mimi.

Dirisha liko wazi, nawasikia. Shemeji anapaka povu la sabuni kwenye muungio, anasema sasa hapavuji. Kitinda mimba anasema bora turudi kwenye la peleti.

Sasa anaongea mume wangu, chini chini. Sishiki maneno yote.

Shemeji: tangu lini?

Tangu mafua yale.

Kisha shemeji, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao: na mbao je?

"Hata mbao, kaka."

Kalisema! Mungu wangu, kalisema mwenyewe. Karakana nzima kila siku, vumbi lote lile, na yeye hapati kitu. Amekaa nalo peke yake muda wote huu na mimi namnunia.

Ananiita. Kwa sauti kubwa, mbele ya kaka yake, majirani nao wasikie:

"Mama watoto! Hebu njoo uninusie hapa."

Jiko halijawashwa, nyama bado mbichi, na la gesi lenyewe sijui kama nalitaka uani kwangu. Machozi hayakauki. Ananiita tena. Nakuja, baba, nakuja—