Hii Hakuna Mtu Amechinja

Kukhu wangu,

Mvua ziliporudi Mbale, nilijikuta nimefunga mkoba bila kufikiri, kana kwamba ungekuwa unaningoja pale Nabuyonga na gambuti zako zilizotoboka, tupande mlimani kutafuta malewa, machipukizi ya mianzi. Nikakuta mlango umefungwa. Nimekukumbuka, bibi yangu. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Unajua kilichonileta kwako mara ya kwanza, lakini acha nikiseme, maana huku nyumbani hakisemwi. Babu alipofariki, ng'ombe wa matanga alitakiwa achinjwe na Mwislamu, ili watu wa Baba na watu wa Mama wale pamoja. Mwanao, Mjomba Mafabi, hakuwa na subira. Waislamu walikuwa bado msikitini, waombolezaji wana njaa, akashika kisu mwenyewe. Watu wa Baba wakakataa ile nyama. Wakristo wakaona wamedharauliwa. Yakaja matusi ya dini, kisha mawe. Mimi nilikuwa chini ya kitanda chako, nasikiliza mabati yakipigwa. Baba alitoka na damu usoni, tukahamia Jinja, kule Masese, na tangu hapo yeye na Mjomba hawakula tena chungu kimoja.

Masese, kila mvua ilipogonga mabati nilipiga kelele. Mama akachoka, likizo akanileta kwako. Hukunipeleka kwa mchungaji wala kwa shehe. Ulinipandisha mlimani hadi kwenye mianzi, upepo ukavuma, miti ikaanza kugongana, nami nikajikunyata nimeziba masikio. Hukunivuta. Ulikaa kando yangu palepale kwenye matope, ukasema, "Sikiliza tu. Hiyo ni mianzi, inagusana." Tukakaa mpaka nikaweza kuisikia kama mianzi.

Tulirudi kila msimu. Ulinifundisha kukata yale machipukizi machanga, kuyamenya, kuyakausha kwa moshi juu ya jiko, na kubakiza mengine ili shina lisife. Taratibu nikaanza kulala mvua ikinyesha. Sikujua kwamba huko ndiko kupona. Nilidhani tunatafuta mboga.

Na wewe peke yako uliniita majina yangu yote mawili. Kwa Baba mimi ni Zaituni. Kwa Mjomba ni Nambozo, na lile jingine lilikuwa halijawahi kumtoka mdomoni.

Tangu uondoke ninaamka mapema, natandaza mukene, dagaa wangu wa kuuza, juani, natazama ziwa. Ziwa ni zuri, silisemi vibaya. Ila haliniambii kitu.

Basi siku ile Mjomba alinikuta nimesimama mlangoni kwako na mkoba, akasema msituni mtu haendi peke yake. Alilalamikia magoti yake njia nzima. Siku hizi lazima uombe ruhusa kwa askari wa msitu, na ungemsikia mwanao akisema "afande, afande" kwa heshima ambayo shemeji yake hajawahi kuionja. Tulipofika kwenye mianzi, upepo ulivuma. Nikaona pale ulipokuwa ukikaa, nikalia kama mtoto. Mjomba alikaa chini kwenye matope, akangoja. Baadaye akaanza kukata, nikaona naye anabakiza.

Siku ya kukukumbuka nilipika malewa kwa karanga na chumvi ya majivu, kama wewe, sufuria moja tu. Baba alikuja kutoka Jinja, macho yake sasa hayaoni vizuri. Watu wa Mjomba walikaa upande wao, watu wa Baba upande wao, kama kawaida yetu. Niliiweka sufuria katikati. Niliogopa mawe, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Baba akainama, akaona vile vipande vya kahawia kwenye mchuzi, akauliza swali lake la miaka yote: "Nani amechinja hii?"

Aliyejibu ni Mjomba.

"Shemeji, hii hakuna mtu amechinja. Tulikata na Zaituni, huko juu. Kuja tukule."

Baba akaomba maji ya kunawa. Walikula bila maneno mengi, na Baba akasema chumvi imezidi. Nilitaka kugeuka nikutazame, nione kama umesikia jina alilolitamka mwanao. Nikageuka kweli. Kiti chako kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine.

Lala salama, Kukhu. Mvua zijazo nitapanda tena, na nitabakiza machipukizi kama ulivyonifundisha. Ninapoandika haya mvua inapiga mabati ya Masese, kubwa kweli, na mimi nimekaa tu, ninasikiliza.

Mjukuu wako,
Zaituni Nambozo